Tembo wa Tabora: tazama jeraha kabla ya namba

Bei ya dhahabu ilivyopanda miaka hii ya karibuni imewavuta watu kutoka kwenye pete na mikufu hadi kwenye sarafu za kale. Huko wanakutana na lugha ngeni: daraja, namba, kasha la plastiki lililofungwa, hati ya kampuni ya Marekani. Mnunuzi anaambiwa sarafu hii ni ya 58 na ile ni ya 63, na tofauti ya bei kati ya namba hizo mbili, kwa sarafu iliyo adimu, yaweza kuzidi thamani ya dhahabu yote iliyomo. Hoja yangu ni kwamba anayenunua sarafu adimu ya dhahabu anapaswa kuanza na swali jingine. Kabla ya kuuliza ni ya daraja gani, aulize imepatwa na nini tangu ilipotoka chini ya mashine. Jibu la swali hilo ndilo linaloipa namba maana au kuinyima. Nalo hupatikana kwa jicho, taa moja na subira; karatasi iliyobandikwa ndani ya plastiki haitoshi.

Mfano nitakaoutumia ni wa sarafu iliyozaliwa Tabora. Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni ya Wajerumani ilikuwa imehamia bara, na manowari za Waingereza zilikuwa zimeufunga mwambao. Fedha kutoka Berlin haikupita, watu walizificha rupia zao za fedha, na noti za dharura zilizochapwa humu humu nchini ziliaminiwa kwa shida. Ndipo karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kiwanda cha kufulia sarafu. Zikatoka heller 5 na heller 20 za shaba, na ikatoka sarafu moja ya dhahabu, ya rupia 15, ambayo wakusanyaji duniani kote huiita Tembo wa Tabora. Dhahabu yake ilitoka hasa kwenye mgodi wa Sekenke, kule Iramba. Upande mmoja una tai wa dola ya Ujerumani. Upande wa pili yupo tembo aliyeinua mkonga, milima nyuma yake, mwaka 1916 na herufi T chini. Zilifuliwa 16,198 tu. Mwezi Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Tabora, na mji ukatoka mikononi mwa Wajerumani.

Uzito wake rasmi ni gramu 7.168, na robo tatu yake ndiyo dhahabu, yaani karati 18. Hapa pana hesabu inayostahili kutazamwa. Rupia 15 zilihesabiwa sawa na mark 20 za Ujerumani, na sarafu ya kawaida ya mark 20 ilikuwa na dhahabu safi gramu 7.168. Sarafu ya Tabora ina uzito huohuo, lakini ukihesabu pamoja na madini mengine yaliyochanganywa ndani yake. Dhahabu safi iliyomo ni gramu 5.376. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza sarafu hii ilibeba thamani iliyozidi madini yake, na hadi leo ndivyo ilivyo. Bei ya dhahabu ya gramu 5.376 ndiyo sakafu yake. Chochote kinacholipwa juu ya sakafu hiyo kinalipiwa uadimu, historia, na hali ya uso wake.

Nimeanza na hesabu hiyo kwa sababu pingamizi la kwanza ninalolitarajia ni lile la kwamba dhahabu ni dhahabu, iwe imekunjwa, imetobolewa au imesuguliwa, na kwamba habari za mikwaruzo ni mchezo wa matajiri. Kwa anayenunua dhahabu kwa uzito, maneno hayo ni sahihi kabisa. Huyo akanunue Krugerrand ya Afrika Kusini, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1967 ikiwa na wakia moja ya dhahabu safi, na asijisumbue na lenzi. Lakini aliyekubali kulipa zaidi ya sakafu kwa ajili ya Tembo ameshatoka kwenye hoja hiyo kwa miguu yake mwenyewe. Sonara akiiweka sarafu yake kwenye mzani, mzani utamsomea madini tu. Ile ziada yote aliyolipa mzani hauioni, na hiyo ndiyo inayoliwa na jeraha.

Jeraha nalo si kila doa. Kosa kubwa la wanunuzi wapya ni kuchanganya kasoro ya kuzaliwa na kasoro ya maisha. Tembo wa Tabora hakufuliwa katika kiwanda cha Berlin chenye mashine kubwa na mafundi wa miaka mingi. Alifuliwa vitani, kwa zana za karakana ya reli, na mihuri ya chuma iliyochongwa papo hapo. Zipo hata aina mbili zake, zinazotofautishwa na mahali ncha ya nakshi inapoishia chini ya neno OSTAFRIKA: moja chini ya herufi T, nyingine chini ya A. Sarafu ya namna hiyo itakuwa na sehemu ambazo mhuri haukuuma vizuri, herufi zisizo na kina sawa, na alama za mhuri uliokuwa umeanza kupasuka. Anayeidai iwe laini na kamili kama sarafu ya London anaidai kitu ambacho haikupewa ilipozaliwa, na hatari ni kwamba atakutana na muuzaji ambaye amempelekea sarafu hiyo fundi ili airekebishe ifanane na matakwa yake.

Kuna njia nyepesi ya kutofautisha, na kila anayeshika sarafu ya kale aijue. Mhuri ukipasuka, dhahabu huingia kwenye ufa wakati wa kupigwa, hivyo kwenye sarafu utaona mstari ulioinuka. Kitu kikiikwaruza sarafu baadaye, utaona mstari uliochimbika. Ulioinuka ni wa kuzaliwa. Uliochimbika umekuja maishani. Vivyo hivyo kwa uso uliofifia. Ikiwa kichwa cha tembo ni bapa lakini kina mng'ao uleule wa uwanja unaokizunguka, mhuri haukuuma. Ikiwa ni bapa na rangi yake imepauka, mng'ao umetoweka pale tu palipoinuka ilhali mabonde yamebaki nao, basi huo ni uchakavu wa mikono na mifuko. Uchakavu ni haki ya sarafu iliyotumika, na daraja linaupima bila shida. Kwenye sarafu za dhahabu za Marekani za mwishoni mwa karne ya 18 utakuta hata alama za tupa zilizopigwa na kiwanda chenyewe kabla ya kuchapa, ili kupunguza uzito uliozidi. Nakshi imekanyaga juu yake, na hilo ndilo linaloonyesha kwamba tupa ilitangulia. Na zile sarafu kubwa za dola 20 zilizobuniwa na Augustus Saint-Gaudens, zilizotengenezwa kuanzia mwaka 1907 hadi 1933, nyingi zina vidonda vidogo mashavuni na uwanjani kwa sababu zilisafirishwa na kuhifadhiwa kwenye magunia zikigongana. Hazikupita mkononi mwa mtu, lakini hazikubaki bila alama. Vidonda hivyo hupunguza namba. Havifuti haki ya kuwa na namba.

Jeraha ninalolizungumzia mimi ni lile lililofanywa kwa mkono wa mtu, kwa kukusudia, na mara nyingi kwa nia njema. La kwanza ni la vito. Sarafu ya dhahabu yenye tembo ilikuwa inaomba kuvaliwa, na wengi waliivaa: wengine waliitoboa, wengine waliichomelea kishikizo cha kupitishia mkufu, wengine wakaifungia kwenye fremu ya kidani au bruchi. Baadaye bei ya sarafu ikapanda, kishikizo kikang'olewa, mahali pake pakapigwa tupa na kusuguliwa, na sarafu ikarudi sokoni kana kwamba haijawahi kutundikwa. Ushahidi hauondoki wote. Mahali pa kuutafuta ni ubavuni, na hasa juu ya kichwa cha tai au cha tembo, kwa kuwa aliyetengeneza kidani alitaka picha ikae wima. Izungushe sarafu polepole chini ya taa huku ukitazama unene wake. Ukikuta kipande kifupi ambacho ukingo wake umekuwa mwembamba au bapa kuliko kwingine, chenye mistari midogo iliyolala upande mmoja, umekuta tupa. Ukikuta rangi ya dhahabu imebadilika hapo, nyekundu kidogo au nyeupe kidogo, umekuta lehemu au moto wa kuchomelea. Fremu haihitaji lehemu, lakini huacha alama zake pia: vibonyeo vidogo vinavyokabiliana kuzunguka ukingo, pale makucha ya fremu yalipobana. Picha ya mbele na ya nyuma haikuonyeshi lolote kati ya hayo. Wauzaji wengi hupiga picha mbili hizo tu, na si wote wanaofanya hivyo kwa kusahau.

Jeraha la pili ni usafi. Katika nyumba zetu chombo cha shaba husuguliwa kwa majivu na ndimu mpaka king'ae, na mgeni husifu. Ukiifanyia hivyo sarafu umeiua, na dhahabu, kwa ulaini wake, hufa haraka. Ili kuelewa kwa nini, ni lazima kujua mng'ao wa sarafu mpya unatoka wapi. Mhuri unapoipiga, dhahabu husukumwa kutoka katikati kwenda pembeni na kuacha mistari midogo sana isiyoonekana kwa jicho. Mistari hiyo ndiyo inayorudisha mwanga kwa namna ya pekee: ukiinamisha sarafu chini ya taa moja, mwanga huzunguka usoni pake kama spoki za gurudumu la baiskeli. Majivu, dawa ya meno, magadi, brashi, hata kitambaa kikavu, huikata mistari hiyo. Sarafu bado itang'aa, pengine kuliko mwanzo, lakini mwanga hautazunguka tena. Utasimama mahali pamoja, bapa na mkali. Ukikaza macho utaona mikwaruzo myembamba sana iliyolala sambamba, ikipita juu ya herufi na juu ya uwanja bila kujali. Kibaya zaidi ni ule ung'arishaji wa mashine ya sonara, ambao huziyeyusha kingo za herufi zikawa za mviringo. Hakuna fundi anayeweza kurudisha kilichoondolewa. Madoa mekundu ya shaba, ambayo wanunuzi wengi huyaogopa, si chochote mbele ya jambo hili. Hutokana na shaba iliyochanganywa kwenye dhahabu, na kuyafuta kwa nguvu kumeharibu sarafu nyingi ambazo zingeachwa zilivyo zingekuwa bado na heshima yake.

Sasa nirudi kwenye namba. Kipimo kinachotumika leo, cha 1 hadi 70, kilitungwa na William Sheldon, mwanasaikolojia wa Marekani, mwaka 1949. Hakukitunga kwa ajili ya dhahabu, wala kwa ajili ya sarafu za Afrika. Alikitunga kwa ajili ya senti kubwa za shaba za Marekani za kati ya 1793 na 1814, na wazo lake lilikuwa la bei: sarafu ya daraja la 70 iuzwe kwa bei mara 70 ya ile ya daraja la 1. Hesabu hiyo ya bei ilivunjika zamani, lakini namba zikabaki, na miaka ya 1970 chama cha wakusanyaji wa Marekani kilizichukua kwa sarafu zote. Ngazi ya 60 hadi 70 ikawa ya sarafu ambazo hazikutumika, 50 hadi 58 za zilizotumika kidogo sana, na kuendelea chini. Baada ya Sheldon kufariki mwaka 1977 ilikuja kubainika kwamba alikuwa amebadilisha sarafu za mkusanyo wa American Numismatic Society huko New York, akichukua nzuri na kuacha zilizo duni. Silitaji hilo ili kukibeza kipimo. Kipimo kina manufaa hata kama mtungaji wake alikosea vibaya. Ninalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba hata taasisi yenye wataalamu iliweza kukabidhi macho yake kwa mtu mmoja mwenye jina kubwa, na gharama ikaonekana baadaye.

Kampuni za kupima madaraja zilileta nafuu ya kweli, na ni haki kulisema hilo kwa sauti. PCGS ilianza kazi mwaka 1986 na NGC mwaka 1987, na kabla ya hapo mnunuzi alikuwa anategemea neno la muuzaji peke yake, yaani mtu yuleyule anayefaidika daraja likipanda. Kampuni hizo hazimiliki sarafu zinazozipima. Huthibitisha uhalisi, hupima, hufunga ndani ya kasha na kuandika namba. Zinapokuta jeraha la aina niliyoeleza, kwa kawaida hukataa kutoa namba ya kawaida: huandika kiwango cha uchakavu kwa maneno, na kando yake sababu, kwamba imesafishwa, kwamba iliwahi kufungwa kwenye kidani, kwamba ukingo umepigwa tupa. Kwa maoni yangu hicho ndicho kipande chenye manufaa kuliko vyote katika kazi yao, na ndicho ambacho wauzaji wengi hukiruka wanaposoma hati mbele ya mteja. Husoma kiwango cha uchakavu kwa sauti na kunyamazia sababu. Mnunuzi asiyejua husikia kwamba sarafu karibu haikutumika. Hakusikia kwamba ilichomelewa.

Je, mtu akinunua tu sarafu zilizofungwa na kampuni hizo, si ameshamaliza kazi? Ameipunguza, na kwa asiye na uzoefu kabisa ningemshauri aanzie huko. Lakini namba ni maoni ya watu waliotazama sarafu kwa muda mfupi, na wao wenyewe huijua mipaka yake. Ni jambo linalofahamika sokoni kwamba sarafu ileile ikitolewa kwenye kasha na kupelekwa tena yaweza kurudi na namba tofauti, na wapo wanaoishi kwa kazi hiyo. Mwaka 2007 ilianzishwa kampuni nyingine Marekani, CAC, ambayo kazi yake ilikuwa kuzitazama upya sarafu zilizokwisha kupimwa na kubandika kibandiko cha kijani kwenye zile zilizostahili kweli daraja lake. Kama namba ingejitosheleza, soko lisingekuwa tayari kulipia jicho la pili juu ya jicho la kwanza. Usafishaji wa zamani, uliofanywa kwa wepesi na kufunikwa na miaka, mara nyingine hupita. Tena kuna makasha ya kughushi, yenye vibandiko vya kughushi; PCGS na NGC zina tovuti ambako namba ya hati huhakikiwa, na kutoihakiki ni uzembe usio na sababu. Pia kwa Tembo lipo tatizo la ziada: mpimaji aliyezoea maelfu ya dola 20 za Marekani hukutana na sarafu ya Tabora mara chache, na kutofautisha mhuri uliopasuka vitani na mkono ulioharibu kunahitaji mazoea na sarafu hiyohiyo.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni la kihistoria, na ninalipokea kwa heshima. Wanasema: tundu lililotobolewa kwenye Tembo ni sehemu ya maisha yake. Labda mwanamke fulani aliivaa miaka 40, labda ilikuwa mahari, labda ndiyo mali pekee iliyovuka vita ikiwa shingoni. Sarafu za dhahabu na za fedha zimevaliwa na wanawake pande zote za Bahari ya Hindi, Uarabuni na pwani yetu, na kuziita zimeharibika ni kupima maisha ya watu kwa kipimo cha wakusanyaji wa mbali. Nakubali. Sarafu yenye kishikizo chake cha asili, iliyobaki kama kidani, ina haki ya kuthaminiwa kama kidani, na jumba la makumbusho linaloeleza maisha ya watu wa Tabora laweza kuihitaji kuliko ile isiyo na alama. Lakini kukubali huko kunaiimarisha hoja yangu. Anayeipenda historia hiyo hang'oi kishikizo, hajazi tundu kwa dhahabu mpya na kuchonga upya mguu wa tembo uliopotea. Anayefanya hivyo anafuta historia ileile ili auze sarafu kwa bei ya ile ambayo haikuwahi kuvaliwa. Mimi ningenunua sarafu yenye tundu wazi kabla ya kununua iliyozibwa, hata kama iliyozibwa inapendeza zaidi machoni. Ya kwanza imesema ukweli wake wote, na bei yake inaweza kukubaliwa na pande zote mbili bila mtu kudhulumiwa. Ya pili kila mmiliki atakuwa anaisitiri mbele ya anayefuata.

Kwa sababu hiyo sisemi sarafu yenye jeraha isinunuliwe. Kwa mwenye kipato cha kawaida, huenda hiyo ndiyo njia pekee ya kumiliki kipande cha Sekenke na Tabora, na ni njia nzuri. Inunuliwe kwa jina lake na kwa bei yake: karibu zaidi na sakafu ya madini kuliko dari ya mnadani, kadiri jeraha lilivyo kubwa. Kinachoumiza ni kulipa bei ya uso mzima na kupewa uso ulioshonwa, kisha kugundua siku ya kuuza. Siku hiyo mnunuzi mwenye lenzi hatakuwa na huruma, na hatakuwa na kosa.

Wapo watakaosema haya yote ni ya watu wa minada ya Ulaya na Marekani, kwamba huku kwetu hakuna kampuni za kupima wala wataalamu. Vifaa vinavyohitajika ni lenzi ya kukuza mara kumi, taa moja ya mezani, na mzani unaosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Duka lolote la sonara lina vyote vitatu. Sonara huyohuyo anaweza kuipima sarafu ikiwa ndani ya maji na kukuambia kama uzito wake kwa ujazo unalingana na dhahabu ya karati 18, jambo litakalokamata bandia nyingi za shaba kabla hata ya kufika kwenye habari za madaraja. Jicho lake pia linaijua lehemu na tupa kuliko la mkusanyaji yeyote, maana ndizo kazi za mikono yake. Kinachokosekana ni mazoea ya kumwuliza swali hilo. Tumezoea kumwuliza ni ya karati ngapi na atanunua kwa bei gani kwa gramu.

Anayenunua kwa mtandao ana kazi ngumu zaidi, kwa kuwa picha iliyochukuliwa kwa skana, au chini ya taa nyingi za dari, huificha mikwaruzo yote ya usafishaji. Aombe video fupi ya sarafu ikiinamishwa polepole chini ya taa moja, ili aone kama mwanga unazunguka au umesimama. Aombe picha za ubavu, mzunguko mzima. Aombe uzito hadi sehemu ya mia. Aulize kwa maandishi: iliwahi kuvaliwa, kuchomelewa, kuzibwa au kusafishwa? Muuzaji mwaminifu atajibu kwa siku moja, na akijibu kwamba hajui ni jibu linalokubalika, likienda na bei inayolingana nalo. Muuzaji anayekasirika kwa kuombwa picha ya ubavu amekwisha kujibu.

Haya yanahusu pia upande wa pili wa meza, yaani wauzaji. Ziko familia, Tabora, Singida, Dar es Salaam, Muscat na kwingineko, ambazo huenda zina sarafu ya namna hii ndani ya sanduku la bibi, au riali ya dhahabu ya Sultani Barghash bin Said ya mwaka 1299 Hijria, ambayo ni adimu kupindukia, au hata ile shilingi 1500 ya Tanzania ya mwaka 1974 yenye duma, ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji na ambayo alama ya kidole tu hubaki usoni pake. Wenye sarafu hizo nawasihi: msizisugue kabla ya kwenda kuziuza. Msing'oe kishikizo kilichokuwepo tangu zamani, wala msikubali sonara azing'arishe kama zawadi. Ishikeni sarafu kwa ubavu wake, iwekeni kwenye karatasi laini au kasha gumu, mbali na mifuko ya plastiki laini, na mtafute maoni ya watu wawili wasiojuana kabla ya kukubali bei. Na masonara, ambao mikononi mwao sarafu hizi hupita wakati mwingine zikielekea kuyeyushwa, nawaomba jambo moja: mkiona tembo aliyeinua mkonga na herufi T chini yake, zimeni moto kwanza na mwambieni mteja alichokileta.